Zulia Nililolipeleka kwa Mtu wa Kodi

Jamani, hii aibu nimeificha hata kwa mamangu, lakini kwa kuwa nusu ya Barking, mtaa wetu huku London, wanaijua, acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjatiliwa chumvi.

Bomba la jirani wa juu lilipasuka nikiwa kazini (mimi huhudumia wazee), nikarudi nikakuta sebule imekuwa bwawa na zulia langu jekundu, lile nililonunua kwa mshahara wa kwanza, linanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Bima sikuwa nayo. Nikampigia shemeji yangu Otieno, aliyemwoa dada yangu huko Texas, nikitafuta pole tu, naye akaniambia, "Shem, usilie! Sisi kimbunga kilipotuharibia vitu tuliviandika kwenye fomu ya kodi, tukapunguziwa. Dai haki yako!"

Hapo ningenyamaza. Lakini Jumapili baada ya ibada, chai mkononi, nikawatangazia watu kwamba serikali inampunguzia kodi aliyepotelewa na mali, na kwamba (hili sijui nililitoa wapi) lazima uende na ushahidi. Mjue nilikuwa nagombea uenyekiti wa chama chetu cha Wakenya, na vile walivyonitazama siku hiyo, nikajiona mbunge kabisa.

Jumamosi tukaenda maktaba, ambako Mzee Ramesh, mhasibu mstaafu anayeishi Kingsbury, hushauri watu bure mambo ya kodi. Tulikuwa tisa! Mama Njeri alikuja na kufuli iliyokatwa ya baiskeli yake iliyoibwa, mwingine kabeba televisheni iliyopasuka kioo, na mimi mbele yao, zulia begani, bado linadondosha maji ya kijani (kwenye basi la ghorofa abiria wote wa chini walihamia juu, nami nikadhani wananipisha kwa heshima).

Mzee Ramesh akavua miwani. Nikaanza Kiingereza changu cha mahakamani, akainua mkono.

"Sema Kiswahili tu, bwana, mimi mzaliwa wa Kisumu. Hilo zulia lilikuwa la biashara?"

"La sebuleni."

"Na nani alikwambia kodi inapunguzwa kwa zulia la sebuleni?"

"Shemeji yangu."

"Anaishi wapi?"

Nikajibu polepole, "Texas."

"Basi mpelekee zulia Texas," akasema kwa upole kabisa. "Hiyo ni sheria ya kwao, na hata huko mpaka serikali itangaze janga. Hapa vitu vyako vya nyumbani vikiibwa au vikilowa, mtu wa kodi hahusiki. Hayo ni mambo ya bima."

Halafu Mama Njeri akageuka, kufuli mkononi. "Kwa hivyo mimi nimeomba ruhusa kazini nije kuonyesha chuma?"

Walicheka mpaka mhudumu wa maktaba akaja kuwanyamazisha, akaona dimbwi miguuni pangu, akarudi na mopu, akanikabidhi. Nikapangusa sakafu, wapiga kura wangu wakiniruka mmoja mmoja kuelekea mlangoni. Kwenye uchaguzi nilipata kura mbili, moja yangu mwenyewe, na ya pili mpaka leo sijui nani alinihurumia.

Sasa bima ninayo. Na nimeapa: nikisikia tena habari njema za serikali, nitauliza kwanza ni serikali ya nani, kisha nitaenda kuhakikisha peke yangu, kimyakimya, mikono mitupu.