Tundu la Upande wa Kushoto

Gaspard Nibigira alipasua madigadi ya kulia, pale juu ya gurudumu la mbele, ya ile gari Pijo 404 kwa tindo, na mahali pa bati yakatoka magazeti. Yalikuwa yameshindiliwa ndani, yameloa maji, kisha yakafunikwa kwa mastiki na rangi nyeupe. Aliyavuta moja moja akayarundika uani kwa Bwana Kamwendo, huko Biwi, Lilongwe, mwenye gari akimtazama tu.

"Unaona?" alisema Bwana Kamwendo mwishowe. Alikuwa amefanya kazi migodini Katanga miaka kumi na minne, na Kiswahili chake alikitoa huko. "Njo kazi ya mwenzako wa kambi ya wakimbizi, Dzaleka. Alikunywa chai yangu wiki nzima. Na weye iko vile vile?"

"Hapana, Mzee."

"Bote banasemaka hapana. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Havyarimana, wa Buyenzi, Bujumbura."

"Haya. Tutamwona huyo Havyarimana."

Maneno hayo yalimchoma Gaspard kuliko kama angetukanwa yeye. Baba yake alikuwa na gereji yenye jina lake juu ya lango, na halikutoka gari pale likiwa na karatasi tumboni. Sasa ilikuwa mwaka 1996, baba amekufa, lango limebaki ng'ambo ya mipaka miwili. Siku ya kuondoka kambini, mkewe Régine alimkunjia shati la pili akamwambia, "Hapa hakuna anayejua sisi ni watu gani. Watajua kwa mikono yako."

Gari lilitakiwa Jumamosi saa nne asubuhi, limpeleke binti wa Bwana Kamwendo kanisani kuolewa. Gaspard alikata bati jipya, akaliweka juu ya gunia la mchanga, akaligonga kwa nyundo ya mti kidogo kidogo mpaka likapinda lilivyotakiwa. Kila mara alifumba macho akapitisha kiganja juu yake, maana kiganja hugundua bonde ambalo jicho hulipita. Jumatano mchomeleaji wa sokoni alikuja na mtungi wake wa gesi. Jules, ndugu yake Régine, akapiga msasa. Ijumaa mchana madigadi zote mbili zilikuwa nyeupe, zinang'aa.

Kilibaki kioo. Bwana Kamwendo alikuwa amenunua kioo kimoja cha kutazama nyuma, chenye shina refu la kumetameta, kisimame juu ya madigadi upande wa dereva, kiwe pambo la harusi. Gaspard alipima kwa vidole, akashika keekee, akatoboa. Mkono haukusita, ulikuwa umetoboa hivyo tangu ujana wake. Alikaza kioo, akaingia ndani kufuta usukani, akainua macho.

Kioo kilikuwa upande wa pili, kinatazama kiti cha abiria.

Kwao Bujumbura dereva hukaa kushoto. Malawi hukaa kulia. Wiki nzima alikuwa akiuzunguka usukani ule, na mkono wake ukatoboa kama uko Buyenzi.

Jules alichungulia dirishani, akaelewa, akaokota kopo la mastiki.

"Beau-frère, shemeji, tia hii. Pale chini weka kigazeti kidogo ya kuishikilia. Dakika kumi, rangi, basi. Mzee iko kanisani."

"Kigazeti?"

"Kidogo tu! Hata Mungu hatakiona."

"Mvua ya kwanza itakitoa."

"Mvua ya kwanza sisi tuko Dzaleka. Ukimwambia atatufukuza, na batu bote ba kambi hawatapata kazi tena hapa Biwi. Unafikiri batoto bako batakula jina ya baba?"

Gaspard alilichukua lile kopo. Alilishika muda mrefu, kifuniko kikiwa tayari kimelegea, mpaka aliposikia lango. Bwana Kamwendo aliingia na kofia mkononi, akalitazama gari lake, uso ukafunguka kwa furaha. Kisha akakiona kioo.

"Nimekosea, Mzee," Gaspard alisema kabla hajaulizwa. "Nimetoboa upande wa kwetu. Nitaziba kwa bati na gesi. Lakini moto utaunguza rangi, na rangi mpya haitakauka kabla ya saa nne. Kesho gari litakwenda na kiraka cha kijivu."

"Kwa harusi ya mtoto yangu."

"Ndiyo."

Bwana Kamwendo alilitazama lile kopo mkononi mwa Gaspard. "Na hii mastiki ilikuwa ya nini?"

"Ya kukudanganya. Sikuitia."

Mzee akavaa kofia yake. "Ita mtu ya gesi," alisema, akaingia ndani bila kuaga.

Kesho yake kiraka kilionekana toka barabarani, kijivu, kikubwa kama sahani. Gaspard alisimama karibu na lango la kanisa. Shangazi za bibi harusi walikizunguka kiraka, wakakinyooshea vidole, mmoja akauliza kama gari limeota upele. Walicheka sana. Bwana Kamwendo akawajibu kwa Kichewa, maneno mengi ambayo Gaspard hakuyaelewa, ila katikati yake alisikia wazi: Havyarimana.

Kicheko kikapungua. Mzee akamwita kwa mkono. Pembeni yake alisimama mwanamume mnene, shemeji wa Mzee, aliyekuwa na gari aina ya Datsun lenye mlango uliobonyea.

"Iko anakaa mtaa ya Area 23," alisema Bwana Kamwendo. "Anauliza kama unatumiaka magazeti. Nimemwambia aulize mwenyewe. Na Jumatatu urudi kunimalizia rangi yangu, umesikia?"

Gaspard aliinama kwenye mlango wa Datsun, akafumba macho, akapitisha kiganja.