Vioo Viwili, Dirisha Moja

Mume wangu alikuwa shofere wa lori la pamba. Tulikaa Kasongo katika nyumba ya matofali aliyoijenga kwa mikono yake, na kwa muda mrefu nyumba ile ilikuwa na mashimo manne mahali pa madirisha. Jua likiwaka tuliyaacha wazi. Mvua ikija tuliyaziba kwa mikeka, tukakaa gizani adhuhuri, tunasikiana sauti bila kuonana uso.

Siku moja alirudi kutoka Kabambare akiendesha polepole mno, hata majirani wakatoka kuangalia kama lori limeharibika. Mzungu mmoja mwenye duka huko alikuwa amebomoa nyumba yake ya zamani, akampa vioo kumi na viwili. Mume wangu alivisafirisha katikati ya magunia ya pamba kama mtu aliyebeba mayai. Lakini mashimo ya barabara ile hayakujali pamba. Tulipovifungua, sita vilikuwa vizima, sita vina nyufa.

Kila dirisha lilitaka vioo viwili, kimoja kila upande. Basi tulikuwa na vioo vya madirisha matatu.

Hakuwa seremala, na hakutaka seremala. Jirani yetu mmoja, mzee Mwislamu aliyechonga milango maisha yake yote, alikuja tu kusimama na kusema: "Pima kona kwa kona. Vipimo vikilingana, shasi imesimama sawa. Visipolingana, usijaribu kuinyoosha kwa misumari." Shasi ndiyo ile fremu ya mbao inayobeba kioo. Mume wangu alizichonga kwa mti wa mvule. Ya kwanza aliipima kwa kamba iliyolowa, ikazidi shimo kwa vidole vitatu, na Jumapili nzima baada ya misa alikuwa anachokoa matofali aliyoyapanga mwenyewe. Watu wakipita walimuuliza kama amehama. Kwa jioni tatu alivipachika vioo sita, akavibana kwa fito nyembamba na misumari midogo, nasi tukaziba mianya kwa nta ya nyuki.

Shasi ya dirisha la nne aliisimamisha ikabaki tupu. Chumba chake kilikuwa cha mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amefiwa na mumewe kijijini, upande wa Kabambare, na mwanawe akaenda kumchukua aje kukaa nasi.

Asubuhi yake ya kwanza alinawa uso kwenye beseni sebuleni. Akaona nje: mihogo, kuku, njia ya kwenda kisimani. Akainua beseni akayatupa maji dirishani. Maji yakagonga kioo yakamrudia yote kifuani.

Nilijaribu kujizuia. Nilishindwa.

"Unacheka nini?" aliniuliza, kitenge kinamdondoka maji. "Nyumba hii inasema uongo. Inakuonyesha njia, kumbe njia hakuna." Mwanawe aliporudi kazini alimwambia mbele yangu: "Baba, unirudishe kwetu."

"Nitakurudisha, mama. Safari ya Kabambare ikija."

Safari iliyokuja ilikuwa ya Nyangwe. Akaondoka kwa siku sita, tukabaki wanawake wawili tunaosalimiana kwa heshima na kunyamaza. Aibu ilikuwa yangu, maana mtu hamcheki mama wa mumewe. Lakini sikujua nianzie wapi kuomba radhi.

Siku ya tatu upepo ulingʼoa mkeka wa dirisha la chumba chake, mvua ikalowesha kitanda. Nilimkuta jikoni anatwanga sombe, yale majani ya mihogo. Nikaenda kuchukua vioo vilivyopasuka, nikainua kimoja kwenye mwanga. Ufa ulitoka juu ukashuka hadi kona.

"Ningekutilia hiki, mama, lakini maji yatapita hapa."

Aliacha mchi, akaja, akaufuata ufa kwa kidole. "Mukeka ukitoboka hautupwi," alisema. "Unaweka mwingine juu yake. Angalia tu tundu isikutane na tundu."

Tukavilinganisha mpaka tukapata jozi mbili za vioo ambavyo nyufa zake zilikwenda pande mbalimbali. Mume wangu alikuwa amechonga mfereji wa kushikia kioo katika shasi ile kwa upana uliopita kiasi, na kosa lake likatufaa: vioo viwili viliingia kila upande, na katikati yake tukazungusha vijiti vya mwanzi ili visigusane. Mama alivishika kwa kitenge. Mimi nilipiga misumari, mingine nimeibana midomoni. Nilipojigonga dole gumba alisema, "Pole, mwanangu. Lakini usiache, nimechoka." Ilituchukua mchana kutwa kumaliza pande zote mbili za dirisha.

Kesho yake alasiri mvua ilirudi, ile kubwa inayofanya njia kuwa mto. Alisimama karibu na dirisha, kiganja kimelala juu ya kioo. Sauti ya mvua upande ule ilikuwa mbali, kama inanyesha kwa jirani. Akapapasa ukuta chini ya shasi.

"Iko kavu," alisema. Kisha akaniangalia. "Siku ile, kweli, nililowa mpaka wapi?"

"Mpaka miguuni, mama."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Hapo ndipo nilipomwomba radhi, akapunga mkono tu.

Mume wangu aliporudi aligonga kioo kwa kucha, akasikia mlio usio wa kawaida, akainama kutazama pembeni. "Nani alifanya hivi?"

"Sisi," mama alijibu. "Wewe ulikuwa Nyangwe."

Alipapasa misumari yetu mmoja mmoja, nikaogopa tumemvunjia heshima. Mwishowe akasema mlango wa nyuma unakwaruza sakafu, na angependa tumshikie siku ya Jumapili aupige randa. Tukamshikia. Mama ndiye aliyesema inatosha.

Asubuhi za kiangazi ukungu uliingia kati ya vile vioo viwili, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mume wangu alitaka kungʼoa fito asafishe. Mama alimkataza, akasema jua litaukausha, na mara nyingi karibu na saa nne kioo kilikuwa kimeshatakata. Safari za Kabambare zilikuja nyingi. Hakuna aliyemkumbusha mama habari ya kurudi kwao, naye hakuuliza. Alikaa nasi miaka tisa.