Kamba ya Kidawa na Serikali Tatu

"Achia mwiko, Jeannine. Sufuria yangu, jiko langu."

"Sufuria ni yako, sikatai. Lakini batoto sita ni bangu, na uji ya batoto bangu nitapika miye mwenyewe."

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, katika chumba cha chini cha jengo kuukuu la Doornfontein, Afrika Kusini, wanawake wawili wameshika mwiko mmoja. Ugomvi ulianza kabla mzazi wa kwanza hajagonga mlango. Watoto watatu waliokwisha kufika wamekaa kwenye mkeka, vikombe vitupu mkononi, wakitazama nani atashinda.

Anayedai sufuria ni Kidawa Mwinyihatibu, miaka 47, mzaliwa wa Muheza, Tanga, mwenye kituo hiki cha kulelea watoto wadogo. Anayedai watoto ni Jeannine Nabintu, miaka 34, wa Bukavu, msaidizi wake kwa miaka mitano. Wote wawili wanajua kwamba saa tatu kamili ofisa wa afya wa mji atarudi na karatasi ya kufunga. Akikuta watoto ishirini na wanne chini ya mkono wa mtu mmoja asiye na cheti, ataibandika mlangoni, na sheria itakuwa upande wake.

Wazazi wa watoto hawa wanasuka nywele, wanauza mitumba na kulinda maduka katikati ya jiji. Kituo kikifungwa, kesho kuna mtu hatakwenda kazini, na keshokutwa kazi atapewa mwingine.

Cheti chenyewe Kidawa amekitafuta tangu mwaka 2017.

Afrika Kusini haijiiti shirikisho, lakini katiba yake inagawa madaraka katika ngazi tatu: taifa, jimbo na mji. Vituo vya watoto vimeandikwa katika orodha ya kazi za mji, huku taifa na jimbo vikiwa na sauti juu yavyo. Nia ni njema. Asiwepo mkubwa mmoja wa kushika kila kitu. Kwa Kidawa maana yake ni foleni tatu.

Taifa linataka kibali cha kuishi ambacho hakijaisha muda, na barua kwamba jina lake halimo katika daftari la watu waliowadhuru watoto. Jimbo ndilo linaloandikisha kituo, lakini haliandikishi mpaka lione vyeti vya afya na zimamoto kutoka mji. Mji nao unataka kwanza ruhusa ya kutumia jengo, na ruhusa hiyo inataka ramani ambayo mwenye nyumba hana.

"Kila ofisi inaniambia, leta kwanza cha wenzetu," anasema Kidawa. "Hakuna anayenikataa. Laiti wangenikataa, ningejua la kufanya."

Kuna kisa cha mlango, ambacho wazazi wanakisimulia kwa kicheko. Mtu wa zimamoto aliagiza mlango ufunguke kwa nje, ili moto ukitokea watu watoke mbio. Ukageuzwa. Baada ya miezi miwili mkaguzi wa jimbo akasema mlango unaofunguka kwa nje mtoto anausukuma na kutokea barabarani. Ukageuzwa tena. Ignace, Mkongo anayechomelea vyuma mtaa wa pili, alilipwa mara mbili kwa mlango uleule. Alipoitwa mara ya tatu alimshauri Mama Kidawa aweke pazia.

Kisha, mwaka 2022, kazi ya kusimamia malezi ya watoto wadogo ikahamishwa kutoka idara ya ustawi wa jamii kwenda idara ya elimu. Faili la Kidawa likahama nayo. Ofisi ya zamani ilimwambia limekwenda. Ofisi mpya ilimwambia halijafika.

Wiki iliyopita ndipo alipokuja ofisa wa afya, mtu mzima mwenye kofia na utepe wa kupimia. Alipima chumba, akahesabu watoto, akahesabu vyoo. Choo kilikuwa kimoja, hesabu haikuchukua muda. "Eish, Mama," alisema, akampa siku saba.

Lakini mlangoni alisimama akamweleza jambo ambalo katika miaka yote ya foleni hakuna aliyemwambia. Sheria inahesabu vichwa. Anayelea watoto sita au chini ya hapo nyumbani kwake hahitaji kuandikishwa na jimbo kama kituo. Wakizidi sita ndipo safari ya vyeti inaanza.

Kidawa hakuhitaji kalamu. Ana wasaidizi watatu, na yeye ni wa nne. Nne mara sita. Alimwambia ofisa palepale kwamba atawagawa watoto katika nyumba nne.

Ofisa aliuliza swali moja: mkubwa atakuwa nani?

"Mimi," alijibu Kidawa.

Ofisa akavaa kofia yake. "Basi bado una ishirini na wanne."

Jumapili wazazi walikutana na kila mmoja akachagua nyumba. Sita kwa Shufaa, Mpemba wa ghorofa ya pili. Sita kwa Murielle, wa Kalemie, ghorofa ya tatu. Sita kwa Jeannine, ambaye anaishi jengo la ng'ambo ya barabara. Sita watabaki na Kidawa, ghorofa ya kwanza, katika nyumba anayokaa na binti yake Nasra. Chumba cha chini atakirudisha kwa mwenye jengo mwisho wa mwezi.

Kwa fedha, Kidawa hapotezi. Kila mtoto analipiwa randi 650 kwa mwezi, lakini chumba peke yake kinameza 6,500. Akishalipa wasaidizi, chakula na gesi, hubakiwa na kitu kisichofika randi 3,000. Watoto sita bila kodi ya chumba watampa kiasi kilekile. Jeannine, anayelipwa randi 1,200 leo, ndiye atakayeinuka.

Ugomvi wa asubuhi hii una chanzo kingine. Kidawa amekubali kugawa watoto. Mengine yote anataka yabaki kwake: uji upikwe katika sufuria moja, ada zipitie mkononi mwake, saa ya kulala aipange yeye, na funguo za nyumba zote nne awe nazo, apite kukagua mara tatu kwa siku.

Si uroho. Ni hofu, na ina tarehe. Mwaka 2019 mtoto wa miaka mitatu, Fahad, aliponyoka wakati wazazi wakiingia na kutoka. Alipatikana kwenye taa za barabarani, ambazo hapa kila mtu anaziita roboti, ameshikwa mkono na mlinzi wa magari asiyemfahamu. Dakika kumi na moja. Kidawa anazijua kwa sababu aliziishi.

Siku hiyohiyo alitoa kamba ya katani ambayo kaka yake alifungia mzigo aliomletea kutoka Tanga. Baba yao alikata mkonge maisha yake yote. Kidawa akapiga mafundo ishirini na manne, na kila fundo akalizungushia kipande cha kanga ili lisichubue viganja. Tangu hapo hakuna mtoto anayetoka nje bila kushika fundo lake. Kidawa huhesabu mafundo wakienda, huhesabu wakirudi, na Nasra anasema huhesabu pia akiwa usingizini.

"Watu wanafikiri napenda ukubwa," anasema. "Mimi napenda hesabu itimie."

Saa moja na nusu chumba kimejaa. Mwiko uko mezani, hakuna aliyeshinda, na uji umeanza kushika chini. Shufaa anaunusa, anazima gesi bila kuomba ruhusa, anarudi kumvalisha mtoto kiatu. Murielle anakunja mikeka. Hawa wawili wamekwisha kuamua kwamba vita si yao, ila matunda yake watakula.

Kidawa anajaribu tena, sauti chini. Anasema hataki kumtawala mtu. Uji tu, na funguo.

Jeannine anaweka mikono kiunoni. "Mama Kidawa, sikia nikuambie. Miaka yote unalia, serikali tatu zinakusumbua, kila moja inataka kushika mulango wako. Sasa weye unataka kuwa serikali ya ine."

Shufaa anacheka, kisha anajifanya anakohoa.

Kidawa hacheki. Anakwenda dirishani, anarudi, anapanga vikombe ambavyo vimekwisha kupangwa. Mwanamke huyu hawezi kufikiri akiwa amesimama. Akizunguka mara ya tatu, mlango unafunguka. Ni Victoire, msusi, anamleta mwanawe Joël, miaka minne, na amechelewa kazini.

Joël hali karanga. Miaka miwili iliyopita alionjeshwa biskuti ya karanga na mwenzake, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kumpotea, na Kidawa alimbeba mgongoni hadi kwa daktari akiwa na chapati mkononi ambayo hakukumbuka kuiweka chini. Tangu siku hiyo karanga haiingii katika chumba hiki. Na Jumapili Victoire alichagua nyumba ya Jeannine.

Uji wa Jeannine, ule anaotaka kuwapikia watoto wake sita kama mama yake alivyompikia Bukavu, ni wa mahindi, soya na karanga. Unga wake uko tayari kwenye kopo, ndani ya mfuko wake.

Kidawa anamtazama Joël, kisha anautazama mfuko.

"Haya," anasema. "Uji pika wewe. Saa za kulala panga wewe. Ukitaka kuwaimbisha nyimbo za kanisa, malizana na wazazi wao. Ada chukua mwenyewe, funguo baki nazo. Nataka sheria moja tu, ya nyumba zote nne, yangu ikiwamo. Karanga, hapana."

"Hata kwa wale batano bengine?"

"Hata kwao. Watoto wanapeana."

Sasa ni zamu ya Jeannine kuzunguka. Analishika kopo lake kama mtu anayeambiwa akane ukoo. Anasema karanga ndiyo nguvu ya uji, bila karanga ni maji ya kufulia. Anasema mama yake angemcheka. Victoire, ambaye angepaswa kuwa kwenye gari nusu saa iliyopita, bado amesimama mlangoni. Amemshika Joël begani tu.

Jeannine anampelekea Murielle kopo. "Tutakula sisi, siku ya Mungu. Bon. Hiyo ni sheria ya bote. Ingine, kila nyumba na yake."

"Na mtoto akiugua, mnanipigia," anasema Kidawa.

"Tunapigiana," anasahihisha Shufaa.

Kidawa anafikiri kidogo. "Tunapigiana."

Kuhusu cheti, anasema hajaacha. Atarudi kwenye foleni Jumatatu, na akikipata atafungua kituo kingine chenye vyoo vitatu na mlango utakaofunguka upande ambao serikali zote tatu zimekubaliana. Lakini watoto waliogawanywa leo hatawarudisha. "Nikishampa mtu, nimempa," anasema, na tayari anafungua droo ya visu.

Anaishusha kamba kutoka kwenye msumari. Anahesabu mafundo sita, anaweka kisu, anakata. Katani ya Tanga haikatiki upesi, inabidi aisugue juu ya ukingo wa meza. Sita tena, anakata. Sita tena. Vipande vinne vinalala mezani. Ncha zinaanza kufumuka, naye anazifunga haraka haraka, moja baada ya nyingine, bila kumtazama mtu. Kisha anagawa: Shufaa, Murielle, Jeannine. Anamwongezea Jeannine mwiko.

"Sufuria siachi."

"Baki nayo. Imeungua," anasema Jeannine.

Saa mbili na dakika ishirini mlango uliogeuzwa mara mbili unafunguliwa. Shufaa na Murielle wanaelekea kwenye ngazi na vifaranga wao. Jeannine anatoka na wake sita hadi kwenye roboti, Joël wa kwanza, viganja vyote juu ya vitambaa vya kanga. Kidawa amesimama kizingitini na kipande chake, watoto sita nyuma yake, na midomo yake inahesabu.

Taa inawaruhusu. Wanavuka. Ng'ambo, mlangoni pa jengo lake, Jeannine anageuka. Hakuna aliyemwagiza, lakini anainua mkono juu, vidole vitano, halafu kidole gumba cha mkono wa pili.

Kidawa anainua vyake sita. Kisha anafunga chumba, anautumbukiza ufunguo kwenye sanduku la barua la mwenye jengo, wiki mbili kabla ya siku yake, na kuanza kupanda ngazi.