Mawaridi Yaliyofunguka Mapema

Mimi darasa la saba nililiacha katikati, lakini hesabu ya vitu vya bure naijua. Ndiyo maana yule bwana wa bara, muuzaji wa zile nyumba za nailoni, aliponiambia, "Kule kwetu tunahangaika kutafuta joto la kukuzia maua, nanyi hapa mnalo bure," niliona nimeshatajirika. Nikaanza hata kutembea polepole, kama mtu mwenye kitambi.

Nyumba ya nailoni haitaki kivuli, na shambani kwetu, nje kidogo ya Malindi, palisimama minazi kumi na mmoja ya mama. Aliuza nazi, akauza makuti, ndiyo yaliyonilipia ile shule niliyoitoroka. Nikamwambia mama kwamba mnazi mwaka mzima haufikii pesa ya maua ya harusi moja hotelini.

"Mwanangu, una hakika?"

"Mama, hii ni hesabu."

Tukaikata yote. Mbao zake zikanunua nailoni, mipira ya maji na miche ya mawaridi.

Mle ndani ya nailoni mlikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Naingia mkavu, natoka kama nimebatizwa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na waridi halina mchezo na chumvi, basi nikawa nanunua madumu ya mkokoteni, asubuhi na jioni. Lakini yalitoka! Mekundu kabisa. Nikajipiga picha nayo, nimeyakumbatia kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Hoteli moja ilikuwa na harusi Jumamosi. Alhamisi alfajiri nikakata ndoo mbili, nikapanda nazo bodaboda. Dada anayeinunulia hoteli vitu akainama, akatazama, akainuka.

"Kaka, haya yameshafunguka."

"Si ndio uzuri wake, dada?"

"Mimi nataka yaliyofumba. Haya yako Jumamosi yatakuwa majani ya chai."

Akafungua friji. Mawaridi ya bara yamejipanga, yamefumba kama ngumi, yameletwa jana kwa ndege. Akanitajia bei. Ilikuwa chini ya yangu.

"Sasa yaliyopanda ndege yanakuwaje rahisi kuliko yaliyopanda bodaboda?"

"Wanakuza mengi mno, kaka. Halafu kwao baridi ni ya bure."

Nikabeba ndoo zangu. Hesabu ile ile, ila safari hii mimi ndiye niliyetolewa.

Nyumbani mama alikuwa jikoni.

"Wamechukua?"

"Wamesema ni mazuri mno, watu watasahau kumtazama bibi harusi."

Mama ndiye mtu pekee duniani anayecheka mizaha yangu yote, hata ile mibovu. Hakucheka. Alizitazama ndoo, akafuta mikono kwenye leso, akanipa kikapu.

"Nenda kwa jirani ukaninunulie nazi. Mboga iko motoni."

Jirani aliniona tangu mbali.

"Bwana Maua! Leo nyinyi ndio wa kununua nazi? Makubwa haya! Haya, nikupe ipi, kubwa au ndogo?"

"Ndogo," nikasema.