Wifi Yangu, Chura wa Nchi Kavu

Wifi yangu anaitwa Chura, na ukimwita anaitika. Vinundu vilianza kumtoka usichanani, vikamjaa mikononi, shingoni, hadi kwenye kope. Daktari alisema haviambukizi. Nani alimsikiliza? Mdomo jumba la maneno.

Tunafanya kazi pamoja kwenye tanuri la mikate. Alfajiri anakanda unga huko nyuma, kukiwa hakuna anayemwona, kisha ananawa, anavaa aproni safi na kusimama dirishani kuuza. Mimi nafunga mikate kwenye karatasi. Hapo dirishani ndipo roho yake ilipo, maana anataniana na mtaa mzima.

Jina walilompa hakulililia. Aliwauliza, "Chura gani? Maana wapo wawili!" Kwenye bomba letu linalovuja anaishi mmoja, na wifi anamjua nje ndani. "Yule wa bwawani ngozi yake laini, inateleza, miguu mirefu, ukimsogelea tu, chubwi! keshakimbilia majini. Huyu wangu ngozi kavu, ina vinundu, miguu mifupi, anajitembelea zake. Hana hata jino. Lakini nyuma ya macho ana mifuko ya sumu. Mbwa akimtia mdomoni atamtema mwenyewe. Nyoka akija, anajijaza upepo na kujiinua. Na ni uongo kwamba ukimshika unaota chunjua. Hivi vyangu vilinitoka sijawahi hata kumgusa. Basi kama ni chura, niiteni huyo."

Sasa, mama mmoja aliyehamia mtaani miezi michache nyuma, aliyezoea kumtuma mtoto, siku moja akaja mwenyewe dirishani, akausukuma kwa kidole mkate aliopewa na wifi. "Mkono huo siupokei. Nipe wewe," akaniambia mimi, kisha akaenda kumshtakia bosi.

Bosi wetu mwoga kama kunguru. Akaja anajikuna kisogo. "Dada, uhamie nyuma moja kwa moja. Uwe unakanda tu. Dirishani atakaa wifi yako."

Jamani! Mikono isiyofaa kushika karatasi ndiyo izame kwenye unga hadi viwikoni? Nilicheka kwa hasira.

Wifi hakucheka. "Nikikanda, nikande wakiniona. La sivyo tafuta mkandaji mwingine."

"Utanifukuzia wateja!"

"Waende."

Nilimvuta pembeni. "Wifi, tukikosa kazi hii tutakula nini?"

"Bora nikose kazi kuliko nifichwe," akasema.

Kesho yake akaiburuta meza ya kukandia hadi dirishani, akakunja mikono ya blauzi, akazamisha ngumi kwenye unga. "Karibuni! Mikate yote mliyokula, mikono ndiyo hii!"

Wengine kwenye foleni wakaondoka, na roho iliniuma, sifichi. Yule mama alibaki ameduwaa.

"Kumbe wewe ndiye unayekanda?"

"Ndiye mimi. Umekula tangu uhamie. Umeota nini?"

Nyuma ya foleni mtu akaangua kicheko. Mama akameza mate, akaangalia mikate iliyokuwa inafuka moshi. "Haya, nipe mmoja," akasema, akininyooshea mkono mimi.

Nikauchukua mkate. Wifi akaninyang'anya, akajipangusa unga, akamnyooshea yeye mwenyewe. "Hapa. Au uache."

Mkono wa mama ulipokea. Hakusema asante. Wifi wala hakuingoja. Alikuwa keshamwita anayefuata.