Gari la Kumfuata Mama Martha

Watu wa Unyambwa walipoiona Landkruza ya Fabiano Ntandu imekaa juu ya mawe uani kwake, magurudumu yamevuliwa, waliona habari yake imekwisha. Huku kwetu gari likishawekwa juu ya mawe, kinachofuata ni kuku kutagia ndani. Hata wateja waliomletea alizeti za kukamua walipita kando yake wakiinama kuchungulia uvunguni, kisha wakamtazama Fabiano kwa huruma kama mtu aliyefiwa.

Fabiano hakuwa amefiwa na gari. Alikuwa analipandisha.

Lilikuwa gari la zamani, limetumika kwenye mradi wa maji hadi mradi wenyewe ukafungwa. Yeye alilipata kwa kubadilishana na mashine yake moja ya kukamua mafuta. Rangi ilikuwa imekwisha kiasi kwamba hukuweza kusema ilikuwa ya kijani au ya kijivu. Lakini injini ilikuwa inaitika vizuri, na ukilitia fo-wili magurudumu yote yalizunguka, na hilo ndilo alilolitaka.

Chanzo cha yote kilikuwa kwao Selina, mkewe. Kwao ni Mkalama, mbele ya Nduguti, nchi ya mbuga. Kiangazi unafika huko bila hata kufikiri. Masika, ule udongo mweusi ukishashiba maji, basi halipiti, bodaboda haipiti, na mwenda kwa miguu anavua viatu.

Mwaka aliokufa baba yake Selina, mvua zilikuwa kubwa. Mume na mke walishuka basi Nduguti, wakaenda mbele kwa miguu, wakakuta mto umekata njia. Wakapokewa na watu wasiowajua, wakakaa hapo mpaka maji yakapungua. Walipofika, mzee alikuwa ameshazikwa na waombolezaji wameanza kutawanyika. Selina alikaa chini kando ya kaburi bichi, akawa anausawazisha udongo kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto. Hakumlaumu mumewe kwa neno hata moja, siku ile wala baadaye. Fabiano aliona afadhali angelaumiwa.

Sasa ilikuwa zamu ya mama. Mama Martha alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kefa, mdogo wake Selina anayeishi naye, alipiga simu akasema mama ameanguka karibu na moto, Mungu tu kamwokoa. Na masika yaliyofuata madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya mjini Singida. Wakishaondoka haikujulikana wangerudi lini.

"Mama, macho yanatibika," Selina alimwambia, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa mezani. "Ni kazi ndogo tu, unarudi unaona."

"Nasikia. Na nikifia huko?"

"Mama jamani!"

"Nauliza. Baba yako tulimzika wewe uko ng'ambo ya mto. Nikifia huko mjini na mvua zimeshika, nitalazwa wapi? Kwenye udongo wa watu? Kama mkwe wangu ana gari la kunipeleka huko na kunirudisha siku nitakayotaka mimi, mvua iwepo isiwepo, nitakuja. Kama hana, niacheni na giza langu. Nimeshalizoea."

Fabiano alikuwa ameketi palepale. Kesho yake akaanza kukusanya mawe.

Kazi yenyewe aliifanya na Abraham, jirani yake, fundi wa kuchomelea mageti. Walianza na springi. Kwenye vyuma chakavu njia ya Manyoni, Fabiano alipata mabapa ya springi ya lori lililokufa, wakayakata, wakayapanga juu ya yale ya gari, wakakaza. Gari likainuka. Fabiano akafurahi, akampakia Selina aliyekuwa anakwenda mjini na trei za mayai. Walipofika lami Selina alifunua trei, akamwonyesha mumewe mayai yaliyopasuka. Walirudi nyumbani wakala mayai siku tatu mfululizo, na Fabiano akapunguza mabapa.

Kisha ikaja habari ya matairi. Aliyoyapata yalikuwa mapana, yenye meno makubwa ya kung'ata tope, lakini ukikata kona yalisugua bodi kwa kelele za kuudhi. Abraham alichora mstari kwa chaki kwenye bodi, juu ya kila gurudumu, akawasha grinda, kisha akaizima tena.

"Mzee Fabiano, nikikata hapa ndiyo basi. Hili gari halitauzika."

"Nani kakwambia nauza?"

Abraham akakata.

Bomba la kuvutia hewa walilipandisha kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili injini isinywe maji wakiingia mtoni. Lilikuwa bomba la maji la kawaida, na juu yake lilihitaji kofia ya kuzuia mvua. Selina alikuja kugundua kofia hiyo siku alipoitafuta sufuria yake ndogo ya maziwa. Alitoka nje, akalitazama gari, akamtazama mumewe.

"Baba Redempta."

"Naam."

"Ile ni sufuria yangu?"

"Ilikuwa inavuja, Mama Redempta."

"Ilikuwa haivuji."

Siku ya kujaribu walikwenda upande wa Mgori, kwenye njia ya msitu yenye makorongo. Gari lilipanda kama mbuzi. Gurudumu la mbele lilipoachwa hewani juu ya shimo, Fabiano alisimama, akashuka kutazama uvunguni: mipira ya breki ilikuwa imevutika kama kamba ya kuanikia nguo, na mmoja ulikuwa umeshaanza kutoa jasho la mafuta. Alikuwa ameinua gari lakini mipira ameiacha na urefu wake wa zamani. Alikaa kwenye jiwe muda mrefu. Aliwaza ule mteremko waliotoka kuupita, na Selina aliyekuwa kando yake akichambua karanga. Wakarudi nyumbani kwa gia ya kwanza, taratibu, na gari halikutoka tena uani mpaka alipopata mipira mirefu na kuifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Safari ikafika. Waliondoka asubuhi, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kwenye majani. Iguguno walinunua mkate, Nduguti wakanunua sukari na majani ya chai ya kupeleka nyumbani. Baada ya hapo ikaanza mbuga. Penye maji Selina alishuka, akafunga kitenge magotini, akatangulia na fimbo akipima chini. Hii ilikuwa nchi yake. Alijua wapi tope lina sakafu na wapi halina. Alikuwa akigeuka, ananyoosha fimbo kulia au kushoto, na Fabiano anafuata nyuma yake kwa gia ndogo, maji yakigonga milango. Walipofika ule mto ambao zamani uliwakatia njia, Selina alisimama ukingoni kidogo. Maji yalikuwa yanamfika mapajani. Akavuka. Gari likavuka nyuma yake, likapanda ukingo wa pili likitiririsha maji kila upande, na Fabiano akapiga honi bila sababu yoyote.

Selina alirudi kitini akiwa amelowa. Aligeuza uso dirishani, na mumewe akamwacha hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Mama Martha alikuwa mlangoni, amesikia mlio tangu mbali. "Shikamoo, mama," Fabiano alisema kutoka mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe.

"Marahaba, baba. Umefika kweli?"

"Nimefika, mama."

Shida ilikuja asubuhi yake. Mama alitoka amevaa gauni la kanisani na sweta, fimbo mkononi. Kefa akamwongoza hadi kwenye gari na kumfungulia mlango. Mama akanyoosha mkono kutafuta pa kukanyaga, akapapasa, akapandisha mkono, akapandisha tena. Sakafu ya gari ilikuwa karibu na kifua chake.

"Hili ni gari au ni dari?" akauliza.

Alijaribu kuinua mguu, nyonga ikakataa. Kefa akataka kumbeba, mama akamsukuma kwa fimbo. Majirani walikuwa wamejaa uani. "Mimi si gunia la uwele," alisema. "Sipakiwi." Fabiano alisimama kando. Yeye ndiye mwenye nguvu kuliko wote pale, na yeye ndiye asiyeweza hata kumshika kiwiko, maana mkwe hamgusi mama mkwe wake. Miezi yote ile alikuwa amewaza tope, mto na mawe. Kina cha mto alikikisia mara ngapi kichwani! Mguu wa mama hakuuwaza hata mara moja.

"Kigoda," mtu akasema. Wakaleta kigoda, kikazama kwenye udongo laini, kikalala upande.

Mama Martha aliinua uso kama anayesikiliza upepo. "Kefa, kile kichuguu nyuma ya zizi bado kipo?"

"Kipo, mama."

"Mwambie shemeji yako arudishe gari pale."

Fabiano akalirudisha gari kinyumenyume, polepole, Selina akimwongoza kwa mkono, mpaka ubavu wa gari ukagusa kichuguu. Kilikuwa kikubwa, kigumu, ng'ombe wamekisugua upande mmoja kikawa na mteremko. Mama akakipanda kwa upande huo, hatua kwa hatua, na fimbo yake. Alipofika juu, sakafu ya gari ilikuwa chini ya mguu wake. Akaingia, akakaa, akalivuta gauni likakaa sawa. Majirani wakapiga vigelegele.

Njiani Fabiano alimpigia Abraham simu. Walipoingia Unyambwa, alilisogeza gari kwenye ukingo wa zege anakopakilia mashudu ya alizeti, mama akashuka kama anayetoka sebuleni. Abraham alikuwa ameshaanza kuchomelea ngazi ya kukunja; kufikia asubuhi ilikuwa imefungwa chini ya mlango, na hospitali mama alishuka nayo mwenyewe, mbele ya watu.

Walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, Selina alikuwa amesimama mbele yake. Mama alimtazama muda mrefu, akanyoosha mkono akamgusa kwenye paji la uso.

"Selina. Kumbe una mvi."

"Ninazo, mama."

"Hakuna aliyeniambia."

Daktari alitaka akae mjini amalizie dawa za matone na kuangaliwa tena. Alikaa. Alizunguka uwanja wa Fabiano akitazama mashine inavyokamua, akalikagua gari kutoka mbele hadi nyuma, mikono mgongoni. "Ndilo hili?" alimuuliza Selina. "Nilivyolisikia, nilidhani ni kubwa zaidi." Siku daktari alipomruhusu, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mama akafunga kanga zake.

"Mama, tungengoja mvua ikatike," Selina alisema.

"Tuliahidiana nini?"

Fabiano alikuwa ameshawasha gari.

Mto waliuvuka vizuri. Kilichowashinda kilikuwa tope tupu, mahali pa kawaida kabisa, karibu wanafika. Gurudumu la nyuma liliteleza kutoka kwenye njia, gari likalala upande kidogo, likakaa. Fabiano akakanyaga mafuta, likazama zaidi. Akazima. Akashuka na koleo, Selina akashuka kukata matawi ya kutandika chini ya matairi. Walichimba. Tope la mbuga halichimbiki, unalitoa, linarudi. Fabiano alijaribu kusukuma kwa bega, mguu ukamteleza, akaanguka kifudifudi. Alipoinuka, uso wote ulikuwa mweusi, macho tu yanaonekana.

Kutoka ndani ya gari kikasikika kicheko. Mama Martha alikuwa ameshika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Fabiano hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akicheka, tangu amwoe Selina. Alisimama pale na koleo lake hajui aangalie wapi, kisha na yeye akacheka, na Selina akaketi juu ya matawi yake akacheka mpaka machozi.

Mchungaji mmoja aliyewaona kutoka mbali alikuwa ameshaanza kuja na ng'ombe wake wa kulima ili awavute, lakini hakuwa na haraka. Mvua ilikuwa imekatika. Pande zote mbili za njia alizeti zilikuwa zimechanua, mashamba na mashamba, na yangeyange, wale ndege weupe, wanatembea kwenye maji. Mama aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje. Shamba hili la nani sasa, aliuliza, na lile ambamo mbuyu mkavu wa zamani haupo tena? Selina alimjibu moja moja.

Fabiano akaliokota koleo, akarudi kwenye gurudumu.

"Selina," mama akasema, sauti ya chini, "mwambie Baba Redempta apumzike kwanza. Mimi bado naangalia."