Kifua Kilichonibana Nimeshika Kamba

Siku ile naikumbuka iwe mvua iwe jua, mwanangu, maana ndiyo siku niliyoiachia kamba iliyombeba mtu.

Nilikuwa kijana kama wewe. Jina langu, Mwita, lilijulikana huko kwetu Nyanungu kwa sababu moja tu: nilipotahiriwa sikupepesa jicho. Kwetu Wakurya hilo si jambo dogo. Unasimama mbele ya watu, kisu kinapita, na ukikunja uso hata kidogo watu watakusema mpaka uzeeni. Mimi nilisimama kama nguzo ya zizi. Kosa langu ni kwamba sikuondoka pale. Kidonda kikapona, watu wakala wakanywa wakaenda zao, mimi miaka inapita bado nimekaza uso.

Dhahabu ilipotoka, kabla mashine kubwa hazijaja, vijana tuliacha majembe tukakimbilia machimboni. Watu walikuja kutoka kila mkoa. Mwenzangu alikuwa Msukuma mmoja, Masanja, mcheshi sana, ambaye kila shida aliijibu "nduhu tabu", yaani hakuna tabu kwa lugha yao. Yeye alishuka ndani ya duara, lile shimo refu la wachimbaji. Mimi nilibaki juu mdomoni, nikizungusha gogo lenye kamba, namshusha na kumpandisha.

Wakati mmoja duara la jirani liliporomoka. Waliokuwamo walitolewa wazima, tukamshukuru Mungu, tukarudi kazini. Lakini zile sauti za watu chini ya udongo hazikunitoka masikioni. Baada ya wiki hivi kifua kikaanza. Kinabana, moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, naona kabisa kwamba leo ndiyo leo, nakufa. Halafu kinaachia. Bibi yangu aliyenilea aliona nakonda, akaniuliza. Nikasema ni vumbi tu. Akasema nikapime. Nikamjibu kwamba mwanamume haendi hospitali kwa sababu ya vumbi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi katika kuficha nilikuwa fundi.

Gogo lile lilikuwa kazi ya watu wawili. Asubuhi ile kijana aliyeshika upande wa pili alikwenda kunywa uji, Masanja akatikisa kamba kuomba apandishwe, nami nikajitapa kwamba natosha peke yangu. Sikuzungusha sana, kifua kikanishika. Mikono ikaachia. Sikuiamuru, iliachia yenyewe.

Masanja akaanguka, lakini hakufa, kwa kuwa alikuwa hajainuka mbali kutoka chini. Mguu wake ulivunjika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, likavunjika la mwenzangu.

Watu wakasema kamba iliteleza, nami nikawaacha waseme. Bibi hakuamini. Alinikalisha jikoni kwake akanitazama mpaka nikasema yote, na nikalia, mimi niliyesimama kama nguzo.

"Mura, kijana wangu," akaniambia, "siku ile ya tohara ulisimama vizuri, na mimi nilipiga vigelegele. Lakini ile ilikuwa asubuhi moja. Nani alikuambia usimame hivyo maisha yako yote? Mtoto wa watu amelala kitandani kwa sababu wewe uliona aibu kusema kifua kinauma."

Akaendelea, "Utaanza kwa Masanja, umwambie kweli. Kisha hospitali. Kisha urudi hapa."

Nilikwenda kwa Masanja. Nikamwambia haikuteleza kamba, niliiachia mimi, na kwa nini. Alinisikiliza, akageukia ukutani. Hakusema nduhu tabu. Nimepigwa mara nyingi maishani, lakini ukimya ule uliniuma kuliko fimbo.

Hospitalini Tarime walinipima damu, wakasikiliza moyo na mapafu. Daktari akasema vyote vizima. Nikamwuliza kama anadhani nadanganya.

"Hapana," akasema. "Maumivu ni ya kweli. Mwili wako ulishtuka, na haujajua kama hatari imekwisha."

Nilitoka pale na hasira, kama wewe ulivyotoka juzi na karatasi yako ya vipimo vya kifua mkononi. Ugonjwa usioonekana utapigana nao vipi? Nikaanza hata kufikiria nani amenitupia kitu. Usinicheke, ulifikiria hayo hayo.

Niliporudi, bibi alinipa kibuyu akaniambia nikakamue ng'ombe. Nami nimeshatahiriwa! Nyumbani kwetu kukamua ilikuwa kazi ya wanawake na wavulana wadogo. Nilikwenda nikiwa nimevimba kwa hasira. Ng'ombe mwekundu akanipiga teke, akazuia maziwa, hata tone halikutoka.

"Anasikia mkono wako una hofu," bibi akasema. "Mimi unaweza kunidanganya, huyu huwezi. Weka paji la uso ubavuni kwake. Usikamue. Sikiliza tumbo lake tu, na pumzi yako iache itoke polepole kuliko ilivyoingia."

Nikaweka. Kidogo tu, akili imeshakwenda machimboni. Nikamwambia bibi kwamba nimeshindwa.

"Hujashindwa. Umekwenda, sasa rudi kwenye tumbo la ng'ombe. Ukienda tena, rudi tena. Usijigombeze, rudi tu."

Nilirudi labda mara mia asubuhi ile. Mwishowe nikasikia lile tumbo likinguruma, nikasikia joto la ngozi, miguu yangu ikahisi samadi chini, na maziwa yakaja. Kesho yake nikaenda tena, na keshokutwa. Wenzangu wa rika walinitania mpaka wakachoka. Nami nilikuwa nimeamua: sitaiachia tena kamba iliyombeba mtu. Kifua hakikuacha kuja, nisikudanganye. Kilikuja, nikakijua, nikakaa nacho mpaka kikaondoka, na siku zilivyokwenda kikapunguza kuja.

Miezi ikapita, nami nimesharudi kazini, Masanja akarudi machimboni akichechemea. Akasimama mbele ya gogo, wenzangu wa rika wote wapo. Hakunisalimu. Akaniuliza, "Kifua leo kinasemaje?"

Ningeweza kusema kizima. Ulimi ulikuwa tayari. Na kweli, kwa kumwona tu, kilikuwa kimeshaanza.

"Kinabana," nikasema.

Mmoja akacheka. Masanja akaketi chini kwenye mchanga. "Basi tukae," akasema.

Nikakaa karibu naye, mbele ya watu wote. Nikaacha pumzi itoke polepole, nikahisi mchanga chini yangu, akili ikaenda shimoni, nikairudisha. Kilipoachia nikamwambia. Nikamwita kijana wa pili kwenye gogo, Masanja akashika kamba, na tukamshusha mpaka chini salama. Toka hapo kila asubuhi aliniuliza, na kila asubuhi nilimjibu kweli. Siku nyingine hakushuka, na hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Sasa sikia, mwanangu. Hospitali umeshakwenda, na ulifanya vema, usinifanye mimi daktari. Na kama kifua kitakushika ukiwa unakimbia, au ukazimia, rudi huko upesi usingoje. Lakini kwa kuwa wamekuambia moyo ni mzima, waamini, na ujiamini nawe pia, kwani hujadanganya. Kila asubuhi, kabla hujashika simu yako hiyo, kaa. Miguu chini. Pumzi itoke polepole. Akili itakukimbia, irudishe bila matusi. Fanya hivyo hata siku kifua hakiumi, maana shamba halilimwi siku ya njaa. Na tafuta mtu mmoja umwambie. Usiseme utajaribu. Anza kesho, nami nitakuja kukuuliza.

Mungu akupanulie kifua, mwanangu, akupe siku nyingi. Na siku mwenzako atakapokukabidhi kamba yake, akupe ujasiri wa kumwambia, "Subiri kidogo."